Shimo Katikati ya Chai

Nilisikia jembe kabla sijamwona kaka.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, nyumbani kwetu Rungwe, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya uani. Choo cha nje hakionekani kutoka mlangoni. Mama yuko jikoni anahangaika na kuni zilizonyeshewa, mimi natafuta maji ya kunawa, mara nikasikia kishindo kizito kutoka bondeni, kwenye chai. Kishindo, kimya, kishindo tena. Palizi haina sauti ile. Chai iliyokomaa hufunga juu yenyewe, kivuli chake kikazuia magugu, na machache yanayopenya tunayang'oa kwa mkono. Yule alikuwa anachimba.

Nikateremka nikifuata sauti. Ukungu ukiwa umelala kwenye chai, si lazima mvua inyeshe ndipo ulowe. Nilifika chini kitenge kimegandana na miguu. Kaka alikuwa amesimama ndani ya shimo la futi mbili kwa mbili. Mashina manne ya chai yaliyokuwa pale yamekatwa na kulazwa pembeni, majani yake bado mabichi. Udongo wa juu kauweka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Mtu wa huku akiona udongo umetengwa hivyo haulizi kinachokuja. Ni mche wa parachichi.

"Mama anajua?" nikamuuliza.

"Mama ndiye aliyenionyesha pa kuanzia."

Hilo jibu nilirudi nalo mjini, na limenikosesha raha wiki nyingi. Kama kaka angekuwa ameamua peke yake, ningegombana naye yakaisha. Lakini chai ile aliipanda mama kwa mikono yake.

## Wanaosimamisha magari

Ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu, ukishapita Kiwira, utaona magari yamesimama kando ya barabara na watu wanapiga picha. Siwalaumu. Kilima kimepangwa mistari ya kijani mpaka mwisho wa macho, katikati yake vibati vya nyumba, moshi wa jikoni unapanda na kuchanganyika na ukungu hadi hujui kipi ni kipi. Nami nina picha nyingi za aina hiyo kwenye simu. Nikiwa mbali na nyumbani huwa nazifungua.

Ukungu wenyewe unatoka ziwani. Upepo wenye unyevu unapanda kutoka Ziwa Nyasa, unakutana na mlima Rungwe wenye urefu wa mita 2,961, hauna pa kwenda ila juu, unapoa na kugeuka wingu linalolala juu ya nyumba zetu. Ndiyo maana Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na ndiyo maana Wajerumani waliojaribu chai Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne iliyopita waliileta Rungwe mwaka 1904. Udongo wa volkano, mvua karibu mwaka mzima, baridi isiyofikia kuua. Chai haikuhitaji kubembelezwa.

Kwa wakulima wadogo ilikuja baadaye, baada ya Uhuru. Mamlaka ya Chai iliundwa mwaka 1968, na mabwana shamba wakawa wanapita nyumba kwa nyumba na miche. Mama aliolewa akakuta kilima kitupu chenye mabingobingo na migomba michache. Baba alikuwa kazini TAZARA, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi, miezi mingine haji. Kwa hiyo aliyepokea miche ni mama, aliyechimba ni mama, na jina lililoandikwa kwenye kitabu cha mkulima likawa la mama.

Hili la jina nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonifungua macho.

## Maji kwenye mizani

Picha za barabarani hazionyeshi banda la kupimia.

Banda letu liko njia panda, nguzo za mkaratusi na bati juu, mizani ya kuning'inia katikati. Siku za kuuza, wanawake wanafika na viroba mgongoni tangu saa tano. Wamevaa gambuti, kiunoni wamefunga nailoni ili umande usiwafikie mwilini. Wifi yangu, mke wa kaka, ni mchumaji hodari. Mikono yake miwili inakwenda kwa pamoja juu ya chai, inakata majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, bila macho kutazama. Siku nzuri ya masika anafikisha kilo thelathini na ushee.

Asubuhi ya ukungu jani linakuwa na maji. Nimemwona wifi akifika bandani, anakimwaga kiroba juu ya turubai, anayainua majani kwa viganja na kuyaachia yaanguke, anayainua tena, ili maji yadondoke kabla karani hajamfikia. Anafanya hivyo kwa haraka maana lori haliko mbali, na majani yakikaa yamebanana kwenye kiroba yanapata joto na kuwa mekundu, na mekundu hayapokelewi. Kisha karani anatundika kiroba, anasoma mshale, anaandika tarakimu iliyo chini ya ile ambayo mshale umeonyesha.

"Maji," anasema.

Hakuna anayebisha sana, kwa sababu maji kweli yapo. Kiwanda hakiwezi kununua umande kwa bei ya chai. Lakini ukisimama pale unaona jinsi jambo lilivyo: ukungu uleule unaolifanya jani lichipue haraka na laini ndio unaokatwa kwenye hela ya mchumaji, na kiasi cha kukata anakikadiria mtu mmoja kwa jicho. Siku ya jua kali nimewahi kuona kiasi kilekile kikikatwa.

Hilo nililiona tangu utotoni, nikakua nikiamini ndivyo mizani zilivyo.

## Karatasi ya kaka

Jioni ya siku ile ya shimo kaka alinitolea karatasi. Si mtu wa maneno mengi. Alikuwa ameandika hesabu kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi ya mbolea.

Kilo ya jani bichi ni shilingi mia tatu na kitu. Ukitoa ya mchumaji, kama si mke wako au mama yako, nusu yake imekwenda. Kuna mbolea, NPK ya 25:5:5, ambayo siku hizi unakopeshwa na kukatwa mezani. Kuna kupogoa kila baada ya miaka mitatu au minne, na ukishapogoa unakaa miezi kadhaa huchumi kitu. Inachukua kilo nne na nusu hivi za jani bichi kupata kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo ile kilo ya chai iliyofungashwa dukani, sehemu aliyopata aliyeilima haifiki elfu mbili.

Upande wa pili wa karatasi: parachichi aina ya Hass. Nafasi ya mita saba kwa saba, ekari inaingia miti themanini na kidogo. Mche uliobebeshwa unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mti mmoja uliotunzwa, tuseme kilo hamsini tu, usiweke zaidi. Bei ya kilo moja, hata msimu mbaya, inapita bei ya jani mara mbili au tatu. Kachora mstari, kajumlisha, kanipa.

"Nionyeshe nilipokosea."

Niliitafuta kasoro kwa dhati, kwa sababu nilitaka ipatikane. Kwa tarakimu zile, haipo.

Na kaka hayuko peke yake. Kilima kinachotazamana na chetu kilikuwa chai tupu nilipokuwa shule ya msingi. Leo ukihesabu kwa macho, theluthi yake ni parachichi. Njombe nako ni hivyohivyo. Mwaka 2022 India na China zilifungua milango kwa parachichi za Tanzania, na tangu hapo kila mwenye kipande cha ardhi anazungumzia miche. Vijana ambao chai waliikimbia kwenda kuendesha bodaboda Mbeya wanarudi kuchimba mashimo. Mtu anayependa kijiji chake kiwe na vijana hawezi kulipuuza hilo.

## Ambayo hayamo kwenye karatasi

Kuna mambo ambayo nilimwambia kaka usiku ule, na mengine nimeyafikiria baadaye.

Kwanza ni ukungu. Chai inaupenda, parachichi haiupendi. Ua la parachichi likilowa siku nyingi mfululizo linashambuliwa na fangasi, na tunda nalo linapata madoa meusi. Mnunuzi wa nje hanunui doa. Akija na kreti zake anachambua, na yanayobaki anayaita rijekti, unayapeleka mnadani Kiwira ukayauze kwa ndoo. Mizizi yake pia haivumilii ardhi iliyotuama maji. Bondeni kwetu, karibu na kijito, mwezi wa nne gambuti inazama mpaka nusu.

Halafu udongo. Chai inapenda udongo mchachu, na miaka ya mbolea ya naitrojeni imeuzidisha uchachu. Parachichi inataka udongo usio mchachu namna hiyo. Anayeng'oa chai leo na kupanda parachichi kesho bila kupima udongo na kuweka chokaa anauweka mche mahali ambapo utadumaa. Na visiki. Watu wengi wanaikata chai na kuacha mizizi ardhini ioze yenyewe. Mizizi inayooza inafuga fangasi wa udongoni ambao baadaye wanahamia kwenye mizizi ya mti mpya, miaka mitano mbele, wakati mti ndiyo kwanza umeanza kulipa.

Lililonitia hofu zaidi ni mteremko. Mistari ya chai iliyofunga imekifunika kilima chetu kama blanketi. Mvua ya masika inalipiga jani kwanza ndipo ifike chini ikiwa imeshapoteza nguvu. Ing'oe, weka miche themanini yenye kimo cha goti kwa ekari, na katikati yake udongo mtupu wa volkano, mwepesi, kwenye mteremko ambao mbuzi anaupanda kwa kuhema. Miaka mitatu ya kusubiri parachichi izae ni masika matatu. Kijito chetu kinaingia mto ambao watu wa chini, kuelekea Kyela, wanalimia mpunga. Udongo wetu utafika kwao.

Kaka alisikiliza yote. Akasema, "Sawa. Niambie basi chai itanilipa lini."

Hapo ndipo maneno yaliponiishia.

## Mama na sufuria ya ndizi

Sikutaka kumuuliza mama mbele ya kaka. Nilimsubiri asubuhi iliyofuata, tunamenya ndizi za kupika, yeye ana kisu kile alichokinoa mpaka kimebaki chembamba.

Nilitarajia nini? Nadhani nilitarajia huzuni. Nilitarajia aseme amekubali kwa sababu ya shinikizo la mwanawe, na mimi nimtetee. Mwanamke ameitunza chai karibu miaka hamsini, amesomesha watoto kwayo, amemuuguza baba kwayo, amezika kwayo. Chai ikitunzwa inaweza kuishi kuliko aliyeipanda. Nilidhani angetaka imzike yeye.

Mama aliendelea kumenya.

"Mwanangu, ninyi mnaipenda chai. Mimi niliipenda hela ya chai. Ilikuwa inakuja. Mwezi ukiisha, inakuja. Kidogo, lakini inakuja. Nilikuwa naweza kwenda dukani kwa mangi nikamwambia nipe sabuni na mafuta ya taa, mwisho wa mwezi nakulipa, na yeye anajua kweli nitamlipa. Sasa hivi nikimwambia hivyo anacheka. Anajua hata mimi sijui."

Akasafisha kisu kwenye ukingo wa sufuria.

"Sijaiacha chai mimi. Yenyewe imeacha kunilipa."

Ndiyo hivyo. Kwa misimu kadhaa sasa, kiwanda tunachouzia kinachelewesha malipo. Kuna wakati ulifika mwezi wa tatu hela ya mwezi wa kwanza haijaingia. Lori nalo limekuwa la kubahatisha. Wanawake wanakaa bandani mpaka giza, wanaambiwa limeharibika, majani yamechemka kwenye viroba, yanamwagwa palepale. Ukipita njia panda yetu asubuhi baada ya siku kama hiyo, unaliona lundo jekundu pembeni ya banda. Siku nzima ya mikono ya wifi imo ndani yake, na hakuna karani aliyeiandika.

Nilikuwa nimelichukulia shimo la kaka kama mtu anayeacha kitu kizuri kwa tamaa ya kingine. Baada ya maneno ya mama niliitazama hesabu yake upya. Alikuwa halinganishi bei na bei. Alikuwa analinganisha bei na ahadi.

## Daftari la vikoba

Ningeweza kuishia hapo nikasema basi, parachichi na iwe. Ila wifi aliuliza swali.

Aliniuliza njiani, tukitoka kisimani, kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu: "Wifi, hivi parachichi zitaandikwa jina la nani?"

Nikamwambia sijui, labda la kaka. Akanyamaza hatua chache. Kisha akaniambia kuhusu vikoba.

Kila Jumatano kikundi chao kinakutana. Kila mmoja ananunua hisa, kuna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa, kuna mkopo wa mzunguko. Wote ni wachumaji. Mzunguko mzima wa kikundi umejengwa juu ya malipo ya chai: wakilipwa, wananunua hisa nyingi, wasipolipwa, wanaweka mia tano mia tano ili kikundi kisife. Kitabu cha mkulima cha mama, mwenyewe alipochoka kuchuma, alikubali wifi awe anakwenda nacho bandani na kupokea hela kwa simu. Kaka hajawahi kuingilia. Chai ni hela ndogo, ya mikono ya wanawake, ya chumvi na daftari na dawa ya kikohozi, na udogo wake umekuwa ulinzi wake.

Parachichi inavunwa kwa msimu. Mnunuzi anakuja na gari, anaongea na mwenye shamba, anahesabu kreti, analipa milioni kwa mara moja. Mwenye shamba ni nani? Atakayesimama pale gari likifika. Kijiji kizima kinajua atakuwa nani. Na nimeona majirani ambao hela ya parachichi imejenga nyumba nzuri ya tofali za kuchoma, nimeona pia ambao ilinunua pikipiki, pikipiki ikaanguka, na mama mwenye nyumba akabaki hana chai wala hela ya parachichi, anaomba kibarua cha kuchuma kwenye chai ya mwenzake.

Sisemi wanaume wa kwetu ni waharibifu. Kaka si mharibifu. Nasema kwamba kubadili zao kwenye kile kilima ni kubadili mkono unaopokea hela, na hakuna aliyeketi kulizungumza. Semina za parachichi zinafundisha nafasi, mbolea, dawa na masoko. Sijawahi kusikia hata moja ikimuuliza mke wa mkulima atakuwa anapata wapi hela ya mwezi kwa miaka mitatu ya kusubiri.

Miaka mitatu ni mingi kwa mtu anayenunua chumvi kila wiki.

## Wakubwa wanajua

Najua viwanda navyo vina yao. Chai yetu nyingi imekuwa ikiuzwa mnadani Mombasa, ambako inashindana na ya Kenya, nchi inayotoa zaidi ya tani 500,000 kwa mwaka, wakati sisi kilele chetu kilikuwa kama tani 37,000 msimu wa 2018/2019 na baadaye tukashuka chini ya 30,000. Bei ya dunia imekuwa dhaifu kwa sababu chai ni nyingi. Mitambo mingi kwenye viwanda vyetu ni ya zamani, umeme na kuni za kukaushia ni gharama, na chai yetu inakwenda ikiwa imejazwa kwenye mifuko mikubwa ya kuchanganywa na za wengine, bila jina la kilima ilikotoka. Novemba 2023 Serikali ilizindua mnada wa chai Dar es Salaam ili tupunguze safari ya Mombasa. Nilifurahi siku ile. Nilimpigia mama.

Mama aliuliza, "Lori litakuja?"

Nafikiri swali lile lilitosha kuwa sera. Mnada unaweza kuwa Mombasa au Dar es Salaam. Mchumaji anaona vitu viwili tu, lori na simu yenye ujumbe wa malipo. Vikifika kwa wakati, atavumilia bei ndogo, kama mama alivyovumilia miaka na miaka. Visipofika, atachimba shimo. Halafu tutaitisha mikutano ya kujadili kwa nini wakulima wadogo wanaikimbia chai, na viwanda vitasema havina jani la kutosha kuendesha mitambo, na ukosefu wa jani utachelewesha malipo zaidi, na mashimo yataongezeka.

Inaniuma kwa sababu lilikuwa jambo la kurekebishika. Udongo haujachoka. Mvua bado ipo. Mikono ya wifi ipo.

## Tulivyoketi

Mwezi uliopita nilirudi, tukaketi: mama, kaka, wifi, mimi na baba mdogo kama shahidi. Kikao kilichukua mchana mzima na hakikuwa cha amani wakati wote. Kaka aliona kama nimekuja na mambo ya mjini kumfundisha shamba ambalo yeye ndiye anaamka nalo. Baba mdogo aliliona suala la jina kama la kumdhalilisha mwanamume mbele ya mkewe. Ilibidi mama aseme, kwa utulivu, kwamba jina lake lilikaa kwenye kitabu cha chai miaka yote na marehemu baba hakudhalilika.

Kipande cha juu, karibu na njia, penye tambarare kidogo na upepo unaokausha majani mapema, kitakuwa parachichi. Kaka ameshapeleka udongo TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, upimwe kabla ya kununua chokaa, na amekubali kung'oa visiki vyote na mizizi, kazi ambayo itamchukua mpaka mvua za Novemba. Katikati ya mistari ya miche wifi atapanda maharage, ili udongo usibaki mtupu na ili kuwe na cha kuuza wakati tunasubiri. Mteremko wa bondeni unabaki chai. Kipande kinachogusa kijito kimeachwa kabisa, maana hata sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni zisiguswe, na tulikuwa tumeshaisogelea mno.

Juu ya jina, tulifika mahali ambapo si kila mtu ameridhika. Shamba la parachichi litasajiliwa kwenye kikundi cha wakulima kwa majina mawili, la kaka na la wifi, na malipo yataingia akaunti inayohitaji sahihi zote mbili. Baba mdogo hakupinga, ila hakusema ndiyo. Kitabu cha chai kimehamishwa rasmi kutoka kwa mama kwenda kwa wifi, peke yake.

Jumatatu wifi amechuma kilo ishirini na sita, karani kamwandikia ishirini na nne. Lori lilifika saa mbili usiku. Hela ya mwezi wa nane, mpaka naandika haya, bado haijaingia.